Laptopu na Bekapu Zilikuwa Begi Moja

Data ya binamu yangu haikuzama ziwani. Iliibiwa Kondele, saa moja jioni, juu ya boda.

Alikuwa ametoka kumuona msimamizi wa tasnifu yake. Akashuka steji ya Kondele, akapanda boda ya kwenda Manyatta. Pikipiki nyingine ikawapita ubavuni, mkono ukatoka, mkanda wa begi ukakatika. Sekunde tano, labda sita. Ndani mlikuwa na laptopu, daftari lenye madoa ya maji, na hadidiski ndogo nyeusi. Hiyo hadidiski ndiyo ilikuwa bekapu.

Miezi 14, wasee. Mara mbili kwa wiki alikuwa anaamka saa tisa usiku, anakodi mtumbwi, anaenda hadi kwenye vizimba vya ngege kabla jua halijatoka. Alfajiri ndiyo saa oksijeni ya maji huwa chini kabisa, kwa sababu usiku kucha kila kilicho hai majini, hata mwani, kimekuwa kikiivuta na hakuna mwanga wa kuirudisha. Anashusha kipima, anasoma, anaandika. Mita moja, mbili, tatu, hadi chini. Mvua ikinyesha anafunika daftari na koti lake, yeye analowa.

Kama wewe ni wa Kisumu unajua kwa nini hiyo kazi ina maana. Mwishoni mwa 2022 samaki walikufa kwa wingi kwenye vizimba vya ghuba yetu. Watu waliochukua mkopo waliamka wakakuta pesa yao inaelea tumbo juu, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa oksijeni kushuka. Swali la binamu yangu lilikuwa hili: unaweza kuiona hiyo siku ikija, hata siku mbili mapema, mtu avue samaki wake auze kabla hawajafa? Alikuwa ameanza kuona kitu kwenye namba zake. Hatutajua ni nini.

Nilipoiweka hiyo stori hapa wiki mbili zilizopita, komenti zilikuja nyingi kuliko za posti yoyote ya mwaka huu. Wengine mlitoa pole, na ero kamano kwa hilo. Lakini komenti iliyopata laiki nyingi zaidi ilisema hivi: "Mtu wa masters na hajui Google Drive? Ajilaumu." Ya pili ilisema tuna njaa na nyinyi mnalilia data. Nitawajibu wote wawili, na nitachukua muda wangu, kwa hivyo kama uko kwa matatu tafuta kiti.

Tuanze na huyo wa Drive, na nimpe haki yake. Data ya binamu yangu ilikuwa ndogo. Jedwali la Excel lenye safu nyingi na picha chache. Ingetoshea hata kwa WhatsApp. Nikidai hakukuwa na nafasi nitakuwa mwongo.

Sasa hesabu na mimi watu waliomuuliza maswali kabla hajagusa maji. Kamati ya maadili ya utafiti ilimuuliza kama samaki wataumia. Alipata kibali cha NACOSTI, kama sheria inavyotaka. Ofisi ya fedha ilimuuliza karo, tena na tena. Kuna mtu kazi yake ilikuwa kupima pambizo za kurasa za pendekezo lake, na alimrudisha nyumbani kwa sababu ya pambizo la kushoto. Kuna programu ilikagua kama ameiba maneno ya mtu. Katika hao wote, hakuna hata mmoja aliyemuuliza data itakaa wapi. Hakuna fomu yenye hilo swali. Hakuna ofisi ya kumwambia, "Dada, kila Ijumaa leta nakala hapa, utie sahihi." Chuo kilichomrudisha nyumbani kwa nusu inchi ya karatasi tupu kilimwacha atembee na miezi 14 mgongoni kupitia Kondele usiku. Alipopiga ripoti aliambiwa anunue hadidiski nyingine.

Ukimlaumu yeye, sawa, mlaumu kidogo. Mimi pia nilimlaumu, kimoyomoyo, nikimshikia chai. Lakini maktaba haimwambii mwanafunzi akae na kitabu cha pekee chini ya kitanda chake hosteli. Inakiweka kwa rafu, inaandika namba, inaajiri mtu wa kukilinda.

Na hata hilo jibu la Drive lina tundu. Akaunti ya bure inakupa gigabaiti 15, na hizo unagawana na barua pepe zako na picha za harusi ya shangazi. Vyuo vilikuwa vinapewa na Google nafasi bila kikomo, kila mtu akitupa vitu huko kama kwa jaa la Kachok. Mwaka wa 2021 walitangaza mwisho wa hiyo sherehe, na kuanzia 2022 chuo kizima kinapewa terabaiti 100 za kugawana. Chuo cha watu 20,000 ukigawa sawasawa kila mtu anapata gigabaiti 5. Sasa jenomu moja ya binadamu, ikisomwa kwa kina kile watafiti wanatumia, inatoa data ghafi ya kama gigabaiti 100. Yaani mgonjwa mmoja wa malaria anakula fungu la watu 20. Mtafiti akitaka wagonjwa 200 atauambia umma ufute barua pepe?

Hapa ndipo stori inatoka kwa begi la binamu yangu na kuingia kwa ziwa lenyewe. Oksijeni ya kizimba huenda na upepo, joto na mvua, na mtu akitaka kujua upepo wa kesho juu ya ziwa hili, Excel haimfikishi popote. Anahitaji kompyuta kuu.

Kompyuta kuu si jini. Ni kompyuta nyingi, mamia au maelfu, zimeunganishwa kwa waya wa kasi zigawane hesabu moja. Umeshaona omena zikianikwa Dunga. Mawingu yakifunga ghafla, mama mmoja hawezi kuanua nyavu mia peke yake, ataokoa tatu na zingine zinyeshewe. Wamama mia, kila mmoja wake, dakika mbili imeisha. Ni hivyo tu, isipokuwa lazima pia wapigiane kelele njiani wasigongane, na hizo kelele ndizo ule waya wa kasi.

Na mawingu yenyewe ndiyo mfano mzuri zaidi. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji. Upepo unashuka ziwani kutoka kila upande, kutoka milima ya Nandi, kutoka Kisii, kutoka upande wa Uganda na Tanzania, unakutana juu ya maji ambayo bado yana joto. Hewa inasukumwa juu, wingu linajijenga. Ndiyo maana dhoruba mbaya za Nam Lolwe huja usiku na alfajiri, saa zilezile taa za wavuvi wa omena zimetapakaa majini kama mtaa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa ziwani kila mwaka, nchi zote tatu pamoja. Kama umekulia ufuoni huhitaji makadirio. Una jina.

Kuitabiri dhoruba kama hiyo unalikata ziwa na anga lake kuwa miraba na kuhesabu joto, upepo na unyevu wa kila mraba, dakika baada ya dakika. Ifikirie kama matundu ya wavu. Matundu makubwa, omena zote zinapita. Dhoruba ya Winam ni kitu kidogo, ukiisaka na miraba mikubwa inapita katikati huku utabiri ukisema "mvua sehemu chache". Kwa hivyo unataka miraba midogo, na hapo ndipo bei inapanda. Ukipunguza upande wa mraba kwa nusu, hesabu inakuwa karibu mara 8: mara mbili kwa urefu, mara mbili kwa upana, na mara mbili tena kwa sababu lazima upige hatua fupi zaidi za muda. Nusu ya nusu ni mara 64. Laptopu hapo inaomba msamaha.

Sasa nikuulize, hesabu ya ziwa letu kwa miraba ya kilomita 4 ilikuwa ikipigwa wapi kwa miaka mingi? Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwenye mashine za Met Office. Utafiti uliosomwa sana kuhusu jinsi dhoruba za Victoria zitakavyozidi kuwa kali, wa 2016 kwenye jarida la Nature Communications, uliongozwa na watafiti wa Ubelgiji. Na sina ugomvi nao hata kidogo. Mradi wa HIGHWAY ulioanza 2017 uliwasaidia watu wa hali ya hewa wa nchi zetu kufikisha utabiri hadi kwa redio na hadi ufuoni, kwa lugha mvuvi anaelewa. Mtu aliyebaki nchi kavu usiku mmoja kwa sababu ya huo utabiri hajali umehesabiwa wapi, na yuko sahihi.

Ugomvi wangu ni mwingine. Mwenye mashine ndiye huamua swali gani linahesabiwa. Exeter wanahesabu anga la dunia nzima, na ziwa letu ni kipande. Mwanafunzi wa hapa akiwa na swali dogo, la ghuba tu, la upepo wa Dunga hadi Homa Bay, la oksijeni ya vizimba, la kwa nini gugumaji linahama usiku mmoja na kuziba ufuo, hana pa kulipeleka. Anapunguza swali hadi litoshee kwa laptopu. Hiyo ndiyo hasara kubwa ambayo huwezi kuipiga picha: maswali ambayo watu wetu waliacha kuuliza. Hata ghuba yenyewe, mahali pembamba, kwa miraba ya kilomita 4 unaihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kuna wanaopambana, lakini. Chukua makala za wanafizikia wa MMUST pale Kakamega, si mbali na hapa, wanaochunguza madini na vifaa vya sola kwa hesabu. Shuka hadi mwisho kabisa, pale pa shukrani ambapo hakuna mtu husoma. Mara kwa mara utakuta jina CHPC, Cape Town. Hiki ni kituo cha taifa cha kompyuta kuu cha Afrika Kusini, na mashine yao waliyoizindua 2016 inaitwa Lengau, yaani duma kwa Kisetswana. Ina uwezo wa kama hesabu trilioni 1,000 kwa sekunde moja. Mkenya anakaa Kakamega, anatuma kazi yake karibu kilomita 4,000, inasubiri foleni, inarudi. Manze, heshima kwake. Na aibu kwetu.

Nisiwapotoshe, Kenya si jangwa. ILRI wana mashine zao Nairobi. ICPAC wana zao Ngong za hali ya hewa. KEMRI pale Kisian wamefuatilia afya ya vijiji vya Siaya tangu 2001, nyumba kwa nyumba, na huwezi kufanya hivyo bila watu wanaojua kutunza data. Icipe Mbita ni sehemu ya kazi iliyotoka 2020 kuhusu kijidudu, Microsporidia MB, kinachomfanya mbu ashindwe kubeba malaria. Ufuo huu si wa kujifunza sayansi leo. Lakini angalia orodha hiyo tena. Karibu zote ni taasisi zenye mfadhili wa nje au makao yake yako upande wa Nairobi. Mwanafunzi wa chuo cha umma, yule wa HELB, anazipita kwa matatu tu akiona mabango.

Na mfadhili ni mtu wa kuondoka. Februari 2025 Marekani ilisimamisha mradi wa DHS, ule wa tafiti za afya na idadi ya watu uliofanya kazi katika nchi nyingi kwa miongo. Watu waliokuwa katikati ya tasnifu walikuta maombi mapya ya data hayashughulikiwi. Bahati yetu ni kwamba tafiti za Kenya zilifanywa na KNBS, kwa hivyo kuna pa kubisha nyumbani. Kuna nchi hazikuwa na hiyo bahati ya uhakika. Kilichobadilika ni sahihi moja Washington.

Kwa hivyo tununue kompyuta kuu yetu, si ndio? Najua mlitarajia niseme hivyo. Wengine mko tayari na hashitegi.

Hapana. Au, si kwanza.

Niliwahi kuingia chumba fulani cha chuo fulani, sitataja, nikaona seva mbili nzuri za msaada. Bado zilikuwa na plastiki ya kiwandani. Juu yake walikuwa wamepanga mabunda ya karatasi za mtihani, na nikaambiwa ni rafu imara sana. Kiyoyozi kilikuwa hakifanyi kazi, na yule aliyefunzwa kuziendesha alipata kazi benki. Mtu wa namna hiyo huwezi kumlaumu, benki inalipa tarehe 28 bila mgomo.

Linganisha na hii. Texas walikuwa na kompyuta kuu iliyoitwa Ranger. Ilianza 2008 ikiwa kati ya zenye kasi zaidi duniani, na kufikia 2013 ilikuwa imezeeka, wakaizima. Makabati yake kadhaa yalisafirishwa hadi Afrika Kusini, na CHPC wakaanza kuyavunja kuwa mafungu madogo ya kupelekwa vyuoni, ndani ya Afrika Kusini na katika nchi za jirani. Mitumba, kama ya Kibuye. Na mimi sina dharau na mitumba, nusu ya kabati langu ni kamera moja. Lakini mitumba ya Kibuye inapendeza kwa sababu nyuma ya kila safu kuna fundi wa cherehani. CHPC hawakutuma vyuma peke yake, walifunza watu wa kuvisimamia. Fundi ndiye anafanya nguo ikae. Sisi tunapenda kupokea nguo, tupige picha na waziri, tukate utepe. Fundi hatumwajiri.

Kwa hivyo msimamo wangu, na mnipige nao: kabla ya mashine ya kupiga hesabu, tupewe ghala la data na watu wawili wa kulilinda wanaolipwa mshahara wa kuwafanya wabaki. Si Nairobi. Huku. Mahali pamoja panapotumiwa na Maseno, Bondo, Homa Bay na Kakamega, kwa sababu kila chuo kikijenga chake tutapata vyumba vinne vyenye plastiki. Barabara ya kuvifikia ipo tayari: KENET imeunganisha vyuo tangu 1999 na ni mali ya vyuo vyenyewe. Ndiyo hiyo waifai ya eduroam unayotumia kudownload series. Nakala moja ikae hapa, nyingine ipelekwe mbali kwa hiyo hiyo njia. Sheria ya mafundi inajulikana kote: nakala tatu, kwa vifaa vya aina mbili, moja ikae mji mwingine.

Na usidhani mashine kubwa inakuokoa na hiyo sheria. Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, programu ya kutengeneza bekapu ilikosea ikaanza kufuta. Terabaiti kama 77 zikaenda, faili milioni 34, za vikundi 14 vya watafiti. Vinne kati yake havikuweza kurudishiwa data yao. Kyoto hiyo, si Kondele.

Ghala lenyewe halihitaji kuwa la ajabu. Hapa nawapeleka nyumbani kwa babu. Unakumbuka kaseti za benga, zile za kurudisha na kalamu? Kanda hazijafa. CERN, wale wa kugonganisha chembe za atomu Uswisi, wanaweka data yao ya muda mrefu kwa kanda za sumaku hadi leo. Kanda moja ya kizazi cha LTO-9 inabeba terabaiti 18, na ikiwa kwenye rafu haili stima. Hakuna mtu atakayeiibia kupitia intaneti ikiwa haijachomekwa popote. Usiku wa Agosti 25, 2023, nchi nzima ilipoingia giza hadi uwanja wa ndege wa Nairobi, kanda kwenye rafu isingejua. Gharama iko kwa mashine ya kuisoma, na kwa mtu. Narudi kwa mtu kila mara, najua.

Juu ya hilo ghala ndipo uweke mashine ndogo ya kupiga hesabu. Si duma. Hata paka wa mtaa anatosha kuanzia: seva kadhaa zinazoweza kuhesabu ghuba moja kwa miraba midogo. Stima mtaniambia. Sondu Miriu iko hapo nyuma, megawati 60 za maji, na hatuombi hata megawati moja.

Pesa? Mei 2024 Microsoft na G42 walitangaza kituo cha data cha Olkaria, cha mvuke wa ardhi, uwekezaji wa kuanzia wa dola bilioni moja. Nilishangilia pia, niliposti hata bendera. Lakini hizo ni mashine za kukodisha. Biashara ni biashara, sina neno. Ila mpangaji akikosa kodi vitu vyake vinatolewa nje, na mwanafunzi wa tasnifu hukosa kodi mwezi wa pili tu. Halafu kuna sheria yetu wenyewe, ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, ya 2013. Inasema mfuko wa taifa wa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Kila mwaka, wasee. Zaidi ya miaka kumi na hatujawahi kuikaribia. Mbunge wako akija hapa mtaani na fulana, muulize hiyo asilimia 2. Atasema ataifuatilia. Muulize namba ya kifungu.

Sasa yule wa njaa. Omera, nakusikia. Wahadhiri wanagoma kwa sababu ya mishahara, hosteli hazina maji, na mimi nadai ghala la namba. Lakini samaki waliokufa kwenye vizimba 2022 walikuwa chakula. Taa zinazozimika ziwani usiku wa dhoruba ni za watu wanaotafuta chakula. Kwa njaa ya ufuo huu, namba za alfajiri za binamu yangu ni kama mbegu, na sisi tuliziacha zibebwe kwa begi. Mkulima wa Ahero mwenye njaa bado haweki mbegu ya mpunga kwa mfuko wa suruali.

Na kama wewe ni mwanafunzi na unasoma hii, usingoje mbunge. Ingia ofisi ya masomo ya uzamili ya chuo chako na uliza, kwa maandishi: data yangu ikiibiwa kesho, nakala ya chuo iko wapi? Omba jibu kwa maandishi pia. Kama unakusanya habari za wagonjwa, zenye majina, kwa flashi, jua kwamba kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na hiyo flashi ikipotea mwenye makosa hatakuwa mwizi peke yake. Waulize hilo pia. Watu watano wakiuliza wiki moja, mtu ataitisha mkutano. Nawajua, wanapenda mikutano.

Binamu yangu alirudi ziwani Jumatatu iliyopita. Anaanza upya, mwezi wa kwanza kati ya 14, na karo ya mwaka mwingine juu. Kitu kimoja kilipatikana. Mwenye mtumbwi, mzee ambaye hakumaliza darasa la saba, alikuwa anapiga picha za lile daftari kwa simu yake siku ambazo simu ya binamu yangu ilikuwa imeisha chaji, ili amtumie baadaye. Hakuzifuta. Ni kurasa tisa, moja ina kidole chake gumba juu ya safu ya mita nne.

Nimeziweka mahali patatu. Kwa laptopu yangu, kwa hadidiski iliyo nyumbani Nyalenda ndani ya sufuria ya ugali isiyotumika, na nyingine nimempa dada yetu akaenda nayo Bondo.